Yupo Safarini

Ukitaka kujua kama Mama Pasi ana jambo moyoni, usimtazame usoni. Tazama ananyoosha nini. Akiwa ametulia hupiga pasi magauni yake na mashuka ya mama mkwe wake, basi. Akishafika kwenye vitambaa vya jikoni, ujue kuna kitu kimemkaa kooni. Jumamosi ile vitambaa vilikuwa vimekwisha, mapazia yamekwisha, na sasa alikuwa ameshika soksi.

"Wifi, hiyo soksi imekukosea nini?" aliuliza dada wa mumewe, aliyekuja kumjulia hali mama yake akakuta nyumba nzima ina joto la pasi.

"Imejikunja."

"Soksi kazi yake ni kujikunja. Hebu weka pasi chini uniambie."

Hakuiweka. Aligeuza soksi upande wa pili, akatupa jicho kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba karatasi zimekwama.

Karatasi zenyewe zilikuwa za ndoa. Mama Pasi, mwanamke wa makamo aliyeanza kuota mvi kwenye nyusi, alikuwa anakwenda kuolewa nchi ya mbali, na mtu pekee katika nyumba ile ambaye hakuwa na habari ni yule aliyelala nyuma ya mlango.

Mchumba wake aliitwa Bwana Mvuke. Jina hilo alilipata kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, palepale Mama Pasi alipopata lake, kwa kuwa mwanamke huyu alisimama tangu ujana wake kwenye mashine ya kunyooshea mashuka, na huyo bwana alikuwa fundi wa boila linalolisha mashine hizo mvuke. Alikuwa mgane, mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mwaka waliozoeana, boila lile liliharibika kuliko miaka yote ya nyuma, na wafuaji wenzake Mama Pasi hawakuwa wajinga. "Fundi," walimwambia, "boila limepona, bado wewe." Kisha akapata mkataba kwenye kiwanda ng'ambo, na kabla ya kuondoka akamwuliza Mama Pasi alichotaka kumwuliza siku zote. Mama Pasi akajibu ndiyo haraka mno, halafu akaona haya, akaenda kukunja mataulo.

Mwajiri hakumpa ruhusa ya kurudi mpaka mkataba uishe, kwa hiyo ndoa ingefungwa hukohuko, mbele ya msajili wa serikali. Msajili wa huko aliwapa siku. Akataka cheti cha kuzaliwa, tafsiri yenye mhuri wa mfasiri, mhuri wa wizara juu ya mhuri wa mfasiri, na juu ya yote hayo hati ya kuthibitisha kwamba bibi harusi hana mume. Na karatasi hizi zina umri, huchacha kama maziwa. Ukikimbilia moja, nyingine nyuma yako inaisha muda. Mama Pasi alizikimbilia mpaka viatu vikalika upande. Zote alizipata isipokuwa ile ya mwisho.

Kwa nini asiipate? Hapo ndipo penye kisa. Mumewe alikuwa fundi wa nguzo za umeme. Mwaka wa mafuriko makubwa lori lao lilikuwa likivuka mto, likachukuliwa na maji. Wenzake walipatikana mmoja baada ya mwingine. Yeye mto haukumrudisha. Ndugu zake Mama Pasi walikuja kumchukua, maana alikuwa bado binti, hana mtoto, na kwao walimtaka. Alikuwa tayari amesimama mlangoni na begi. Mama mkwe akajitanda kwenye mlango ule, mikono huku na huku kwenye miimo, akasema: "Mke wa mtu haondoki mumewe akiwa safarini. Mmeona maiti? Mimi sijaona." Ndugu wakatazamana, wakarudi walikotoka.

Tangu hapo akawa yupo safarini. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini methali hiyo haikuwahi kupiga hodi katika nyumba ile. Asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na kiti chake, ndoano yake ya kutundikia koti, na mashati yake kabatini, ambayo kila mwisho wa mwezi hutolewa, hupigwa pasi na kurudishwa. Aliyeyapiga pasi mnamjua. Na mama mkwe hakuwahi kumwita kwa jina lingine ila lile alilompa siku alipoingia: Bi Harusi. "Bi Harusi, chai imepoa." "Bi Harusi, nani anagonga?" Mwanamke nyusi zina mvi, bado Bi Harusi.

Basi Mama Pasi alikwenda ofisi ya mtaa kuomba barua kwamba hana mume. Karani wa mtaa, mtu mnene mcheshi aliyewajua wakazi wote mpaka mbwa wao, alimkaribisha kwa bashasha.

"Mama Pasi! Mzee hajambo huko safarini?"

"Karani, mume wangu alifariki."

"Loo! Pole sana! Lini?"

"Mwaka wa mafuriko."

Karani akavua miwani. "Mama, mimi kila mwaka naandikisha watu wa mtaa huu. Kila mwaka nakuja kwenu, nakaa kwenye lile benchi lenu bovu, nauliza wa nyumba hii ni nani na nani. Wewe mwenyewe unaniambia: mama mkwe, mimi na mume wangu, yupo safarini. Mwaka jana nimekutuma umpe salamu zangu."

"Nilizipokea."

"Ulimpa?"

Ni kweli alisema. Kila mwaka karani alipouliza, mama mkwe huwa pale karibu, ameacha kazi ya mikono yake, anasikiliza. Na Mama Pasi kila mwaka alikuwa anakusudia kusema kweli, na kila mwaka, akiuona uso ule, husema yupo. Alidhani ni neno tu. Alidhani anampa mzazi wa watu faraja, kama unavyompa mtu glasi ya maji. Hakujua kwamba neno lake linakaa serikalini likimngoja.

"Siwezi kuandika kwamba huna mume niliyemsalimia," karani alisema, na safari hii hakucheka. "Utanifungisha, mama."

Wakili aliyemwendea, mama mmoja mwenye ofisi ndogo juu ya duka la vyombo, alimsikiliza mpaka mwisho akigonga kalamu mezani. Mtu akipotea miaka mingi bila habari, alisema, mahakama inaweza kutamka kuwa amefariki. Jambo hilo si gumu. Ugumu ni kwamba nyumba yake yenyewe imekuwa ikisema yupo.

"Sasa hakimu atamtaka aliyekuwa anasema hivyo aje aape kwamba haikuwa kweli. Wewe peke yako hutoshi, maana wewe ndiye unayetaka kuolewa. Mzazi wake yuko hai?"

"Yuko."

"Basi ni yeye. Ailete kauli kwa mdomo wake. Akikataa, au akisema mbele ya hakimu kwamba mwanawe yupo, mambo yameharibika." Siku hiyohiyo akapeleka maombi, wakapangiwa siku ya hakimu.

Haya yote ndiyo Mama Pasi alimsimulia wifi yake Jumamosi ile, na soksi ikaanza kutoa harufu ya kuungua.

"Mficha uchi hazai," wifi alisema. "Mwambie mama. Au nimwambie mimi."

"Usithubutu."

"Nitamchukua akae kwangu, hilo lisikusumbue. Chumba kipo, watoto wanampenda."

"Si chumba, wifi. Nitamwambiaje mama wa watu, njoo unizikie mwanao nipate kuolewa?"

Wifi akaichomoa soksi chini ya pasi, akaiweka kando.

Siku zilizofuata Mama Pasi hakukaa wala hakulala. Hata siku za kawaida ni mtu wa kukaa nusu kiti, kama aliyeambiwa gari linakuja. Sasa alikuwa hata nusu hiyo haipati. Kazini alilisha mashine shuka lenye soksi ya mgonjwa ndani yake. Nyumbani alianza sentensi asizozimaliza. "Mama," angesema. "Naam, Bi Harusi." "Mama, hivi..." "Hivi nini?" "Hivi chumvi ipo?" Chumvi ilikuwepo tele. Wiki ile alinunua chumvi mpaka kopo likakataa kufunga.

Bwana Mvuke alipiga simu akiwa mapumzikoni kiwandani, mashine zikiunguruma nyuma yake. Mama Pasi akaona heri amweleze yote.

"Uliniambia mumeo alifariki," fundi akasema.

"Alifariki."

"Mbona kwenu wanasema yupo?"

"Ni mimi niliyesema."

"Ulimwambia karani yupo, ukaniambia mimi hayupo. Sasa mimi nishike lipi?" Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililouma. "Mimi si mtu wa kuoa mke wa mtu. Siku ya msajili ikipita, sitaomba nyingine. Si kwa hasira. Nitajua tu kwamba hujamaliza huko."

Simu ilipokatika Mama Pasi aliingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Alimkasirikia fundi kwa kusema kweli. Alimkasirikia marehemu kwa kukosa hata adabu ya kupatikana. Kisha akajikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ndiyo iliyodumu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi. Jioni mama mkwe alitoa mashati kabatini kama kawaida, akayaweka juu ya meza, akaketi na fimbo yake kumtazama mkwewe akifanya kazi. Mama Pasi alinyoosha kola ya shati jeupe, akainyoosha tena, akairudia.

"Bi Harusi," mama mkwe akasema, "kola hiyo unaipiga pasi mara ya ngapi? Utaitoboa. Sema ulichonacho."

Mama Pasi akapiga moyo konde. Aliongea huku akiitazama pasi. Alisema kuna mtu, fundi, mwema. Alisema anataka kuolewa. Alisema kuhusu karani, wakili na hakimu, na kwamba inatakiwa kauli, na kwamba kauli hiyo hana mwingine wa kumwomba. Alipomaliza alisema, "Nisamehe, mama," na hapo ndipo alipoweka pasi chini.

Mama mkwe aliinuka polepole, akaokota mashati yote, lililonyooshwa na ambayo bado, akaingia nayo chumbani kwake. Mlango ukafungwa.

Hakutoka kula. Kesho yake alitoka, akanywa chai, akarudi ndani. Hakuita "Bi Harusi". Hakuita chochote. Nyumba ilikuwa na watu wawili wanaopishana kwenye ujia kama wapangaji wasiojuana. Mama Pasi aliona bora angetukanwa. Alimwambia wifi yake kwenye simu kwamba yamekwisha, kwamba atamwandikia fundi amsahau, na wifi akamwambia anyamaze kwanza, siku ya hakimu ni keshokutwa.

Asubuhi ya keshokutwa hiyo, Mama Pasi alipotoka chumbani, alimkuta mama mkwe ameketi karibu na mlango wa nje. Amevaa gauni lake la kutokea, kichwa amekifunga vizuri, fimbo mkononi.

"Hiyo mahakama inakuja hapa," aliuliza, "au tunaifuata?"

Njiani Mama Pasi hakuthubutu kumwuliza anakwenda kusema nini. Wifi aliwakuta kwenye ngazi za mahakama, akamtazama mama yake, akamtazama wifi yake, akaamua kwa mara ya kwanza maishani mwake kufunga mdomo.

Hakimu alikuwa mwanamke wa rika la Mama Pasi, chumba chake kidogo, feni inalia, dirisha moja halifungi. Wakili alieleza maombi. Mama mkwe akaapishwa, akaketi mbele ya meza, akaweka fimbo juu ya mapaja.

"Mama," hakimu akauliza, "mwanao yuko wapi?"

"Yupo safarini."

Wakili aliweka kalamu chini. "Mama!" wifi akamaka, na hakimu akamnyamazisha kwa mkono.

"Alikuletea habari lini mara ya mwisho?"

"Hajaleta."

"Wewe mwenyewe unaamini atarudi?"

Mama mkwe alitazama feni, akatazama dirisha, mwisho akamtazama hakimu.

"Mheshimiwa, una mtoto wa kiume?"

"Ninaye."

"Ameoa?"

"Bado."

"Akioa utanielewa." Alishika fimbo kwa mikono yote miwili. "Mimi nilijua siku ileile. Waliponiambia lori limechukuliwa na maji nilikuwa nachambua mboga, nikajua. Sikuhitaji mto uniambie. Lakini ndugu zake huyu wakaja kumchukua. Nikamwona amesimama mlangoni na begi lake, mtoto wa watu, aliyenipikia, aliyeniuguza. Nikasema moyoni, leo nazika wawili. Nikasema yupo safarini, wakamwacha. Kesho yake nikasema tena. Karani alipokuja nilikuwa nasimama pale nimsikie huyu atasema nini, roho mkononi. Na yeye akasema yupo! Nikajua bado ninaye, mwaka mmoja zaidi."

Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Nilimwibia huyu ujana wake, mheshimiwa. Nilimfanya mke wa maiti ili mimi nisibaki peke yangu. Yeye alidhani ananionea huruma mimi kichaa, nami nikajitia kichaa." Sauti yake ilikatika, akaikohoa ikarudi. "Andika. Mwanangu amekufa. Andika amekufa, uweke na mhuri, huyu aende akaolewe. Mashati ya marehemu amenipigia pasi ya kutosha."

Wakaleta kidau cha wino. Mama mkwe akaweka dole gumba kwenye wino, akaliweka kwenye karatasi, akalikandamiza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nje kwenye ngazi Mama Pasi hakujua afanye nini na mwili wake. Hasira ilimpanda kweli, hasira ya miaka. Alikumbuka kila karamu ya harusi aliyokwenda akakaa upande wa wake za watu, kila bwana aliyemtaka akamjibu "nina mume". Alitaka kupiga kelele mbele ya watu. Na alipomwona yule mama anajaribu kupangusa wino kwenye ukuta wa mahakama, akatoa kitambaa mkobani, kilichonyooka kama karatasi, akamshika mkono na kuanza kumfuta.

"Umekasirika," mama mkwe akasema.

"Nimekasirika, mama."

"Kasirika. Ila futa vizuri."

Walipofika nyumbani mama mkwe hakuingia ndani. Alisimama uani, akamwambia binti yake atoe mikeka yote, na benchi bovu, na kile kiti ambacho hakuna aliyekikalia tangu mwaka wa mafuriko. Wakapanga. Mama mkwe akaketi chini kwenye mkeka, akanyoosha miguu, akafungua kilemba, na hapo akaanza kulia. Hakuwa analia kimya. Alilia kwa jina la mwanawe, kwa sauti ambayo nyumba ile ilikuwa haijaitoa.

Majirani wakachungulia, kisha wakaanza kuingia mmoja mmoja, viatu mkononi. Karani wa mtaa naye akatokea, anahema, shati limelowa jasho.

"Poleni, jamani. Nani tena?"

"Mwanangu," mama mkwe akasema.

Karani akamtazama Mama Pasi, akamtazama wifi, akajikuna kichwa. "Si mlisema yupo safarini?"

"Alikuwa safarini," mama mkwe akajibu. "Amefika."

Karani akavua miwani, akatafuta pa kukaa. Akakiona kile kiti, akasita, na mama mkwe akamwashiria akikalie.

Mama Pasi alikuwa bado amesimama. Alikuwa ameanza kuhesabu vikombe kichwani, ameanza kuelekea jikoni, ameona pazia limejikunja dirishani, mkono umeshamwasha.

"Bi Harusi," mama mkwe akamwita katikati ya kilio. Akapiga mkeka kwa kiganja, palepale kando yake. "Acha vikombe. Kaa."

Akakaa. Alikaa mzima, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza ukutani, kama mtu asiyengoja gari lolote. Mkoba wenye karatasi zote ulikuwa mapajani, na ndani yake simu ikaanza kuita. Alijua ni nani. Alijua pia la kumwambia, na kwamba litamfurahisha. Akaacha iite mpaka ikanyamaza. Angempigia kesho. Leo alikuwa amefiwa na mumewe.